Hofu, Huzuni na Baraza: Namna Unguja Ilivyozisoma Riwaya Zake

Wapo wasemao kuwa Bububu imepata jina lake kutokana na mlio wa gari la moshi lililokuwa likitoka Ngome Kongwe mjini mpaka kufika kwetu huku. Maelezo hayo yanapendeza masikioni, na aghlabu ndiyo wanayopewa wageni, lakini hayasimami. Reli ile ilianza kazi mwaka 1905, ilhali jina la Bububu limo tayari ndani ya kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Wenye kusema kuwa jina ni sauti ya chemchemi, zile ambazo maji yake Sayyid Barghash aliyapeleka mjini kwa mifereji, wana hoja nzito zaidi. Lakini sikukusudia kuzungumza habari za majina. Kitabu kile nimekitaja kwa kuwa ndicho cha mwanzo, katika nivijuavyo, kilichoitia Bububu katika maandishi kuwa mahali pa huzuni.

Mwandishi wake ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, si mbali na hapa. Wasichana wa nyumba ya kifalme wakifundishwa kusoma, kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifunza mwenyewe kwa siri, kwa kuziiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ya kujiibia ndiyo iliyomponza. Mwaka 1859, nduguye Barghash alipotaka kumpindua nduguye Majid, Salme mwenye umri wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia barua waliokula njama. Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa uhamishoni India, na Salme, akiwa hana tena masikilizano na nusu ya jamaa zake, akaenda kukaa shamba, kwanza Kizimbani, kisha Bububu, katika nyumba iliyotazama bahari. Hata huko hakudumu. Balozi wa Kiingereza aliitamani nyumba ile, Majid akamwomba dada yake aiachie, naye akaiachia na kurudi mjini, akawa jirani wa Wajerumani. Yaliyofuata yanajulikana: Heinrich Ruete, manowari ya Kiingereza iliyomchukua kimya kimya mwaka 1866, ndoa ya Aden, ujane wa mapema Hamburg mwaka 1870, watoto watatu wa kulea na ugeni usiokwisha.

Aliyaandika haya kwa Kijerumani. Jirani zake wa Bububu, ambao ndio walioijua miembe na pwani anayoililia, hawakusomewa hata ukurasa mmoja. Kila nikikishika kitabu hiki hunijia fikra kwamba huzuni yake ilikosa baraza. Kwetu sisi jambo la kutisha au la kuliza halihesabiwi kuwa limesikika mpaka limepita katika masikio ya watu wawili watatu walioketi pamoja, mmoja akasema astaghafiru, mwengine akauliza ilikuwaje, na wa tatu akasema hayo kayasikia zamani, tena kwa namna nyengine. Makala haya ni juu ya baraza hiyo: namna Unguja ilivyozipokea hadithi zake za hofu na za huzuni tangu ziliposimuliwa kwa mdomo hata zilipoingia katika riwaya, na jinsi hofu yenyewe ilivyobadilika sura njiani.

Ngano za kale za kisiwa hiki hazikuwa za kubembelezea watoto. Edward Steere, padri wa misheni ambaye baadaye alikuwa askofu, alizikusanya kutoka vinywani mwa watu wa Unguja, akazitoa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo imo hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anaanza kwa kula wanyama wa mji, mmoja baada ya mmoja, na kila watu wanapokwenda kushitaki, Sultani hujibu kuwa paka ni wake na kilicholiwa ni chake pia. Anakuja akala watu. Jibu ni lile lile. Siku paka anapowala wana wa Sultani mwenyewe, ndipo Sultani anapotambua kuwa huyu si paka tena, ni nunda. Mwanawe wa mwisho anakwenda kumsaka, na kila arudipo na mnyama aliyemwua, mama yake humjibu kwa wimbo kuwa huyo siye.

Wimbo ule ndio siri ya hadithi. Msimulizi hauimbi peke yake. Wasikilizaji wote huitikia, na mtoto mwenye kutetemeka chini ya kanga ya bibi yake naye huitikia. Hofu inagawiwa sawa kama kahawa ya baraza, kila mtu kikombe chake, hata hakuna wa kubebeshwa birika zima. Na mtu mzima aliyekuwa akisikiliza pembeni alijua vyema kuwa cha kutisha zaidi katika hadithi hii ni mtawala asiyesikia mashitaka. Paka yuko nyuma yake. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Upande wa huzuni, kazi hiyo ilifanywa na tenzi. Tenzi za kufa kwa Mtume, za mitihani ya Manabii, za mashahidi wa vita, ziliimbwa majumbani kwa sauti ya kuvuta, na machozi yalikuwa sehemu ya usikilizaji. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe analia nini. Zilikuwapo na za kutisha. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi umejaa vita na majabari ya kutosha kumkosesha mtu usingizi. Sisi washairi hupenda kudai kuwa riwaya ni mgeni aliyekuja jana. Ni kweli, ila alipofika alikuta mkeka umekwishatandikwa.

Mgeni huyo alikuja kwa njia ya skuli. Baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, vitabu vilihitajika upesi, na Frederick Johnson akafasiri Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vyote viwili vikatoka mwaka 1929. Mimi ni mfasiri, na ninamheshimu Johnson kwa Kiswahili kinyoofu ambacho wengi waliomfuata hawakukifikia. Hata hivyo hofu ya vitabu vile ilikuwa ya kuazima. Maharamia wa Stevenson na kikongwe mchawi wa Haggard walimtisha mwanafunzi darasani, kisha akawaacha darasani, barazani hawakufika.

Aliyeifikisha riwaya barazani ni mtu wa Makunduchi. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa kwanza bwana afya, kisha mwandishi wa magazeti, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika Mkulima, jarida la idara ya kilimo. Hebu fikiri: mtu ambaye kazi yake ni kuwaambia watu wasichimbe choo karibu na kisima na wapande mikarafuu kwa nafasi, anakaa usiku kuandika hadithi ya mzimu! Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957-58 na ukachapishwa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali Bomani inaonekana mzimuni, imekatwa kichwa, na watu wote wa karibu wana jibu tayari: ni kazi ya wenye mahali pao. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hana haraka ya kukubali. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anamdai nani, nani kamzaa nani.

Watu wamezoea kusema kuwa Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Ni kweli kwa kiasi chake, lakini inaficha jambo. Msomaji wa London hakuwa akiamini kwamba mbwa wa Baskerville ni jini. Alikuwa akicheza tu. Msomaji wa Unguja wa mwaka 1960 hakuwa akicheza. Mzimu alikuwa nao ng'ambo ya shamba lake, na ubani alikuwa ameufukiza yeye au mama yake. Kwa hiyo Bwana Msa alipoifungua siri kwa akili tupu, baraza iligawika. Nimewahi kuwasikia wazee waliokisoma kitabu hicho kilipokuwa kipya wakigombana juu yake miongo kadha baadaye. Mmoja alishika kwamba Bwana Msa amewaondolea watu ujinga. Wa pili alishika kwamba Bwana Msa kampata muuaji, hapana shaka, lakini mzimu wenyewe hakuugusa, na mwandishi ni mjanja, alijua mpaka wake. Mimi naona wa pili ndiye aliyesoma vizuri zaidi. Mwaka 1968 Abdulla alitoa Kisima cha Giningi, na jina hilo tu, ambalo kwetu ni la makutano ya wachawi, lilitosha kumfanya msomaji atazame nyuma yake kabla ya kufunua ukurasa. Alikuwa akiijenga hofu kwa mkono mmoja na kuibomoa kwa mkono wa pili, na wasikilizaji walipenda mikono yote miwili.

Miaka ya 1970 mzimu uliondoka katika riwaya zetu, akabaki mwanadamu. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Kiu mwaka 1972 na Nyota ya Rehema mwaka 1976. Adam Shafi akafuata kwa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979, hiki cha pili kikituama juu ya maisha ya wapagazi wa bandarini na mgomo wao wa mwaka 1948. Said Ahmed Mohamed akaja na Asali Chungu, na mwaka 1980 akaja na Utengano. Nadhani hakuna kisiwa kidogo kama hiki kilichotoa huzuni nyingi na nzuri kiasi hicho kwa muda mfupi namna ile. Vitabu vyenyewe vilipigwa chapa Dar es Salaam na Nairobi, vikarudi nyumbani kwa uchache, ndani ya mikoba ya wasafiri na makabati ya walimu.

Uchache huo ndio uliotuhifadhia desturi ya kusomeana. Nilipokuwa mdogo, katika miaka ya 1980, nakala moja ya riwaya iliweza kuzunguka Bububu yote, kutoka njia ya Kibweni mpaka Chuini, ikarudi haina jalada na kurasa za mwanzo zimeshonwa kwa uzi. Tena katika nyumba nyingi mwenye hamu kubwa zaidi ya hadithi alikuwa bibi, na bibi alikuwa amesoma chuoni. Msahafu anausoma kama maji, herufi za kizungu hazijui. Basi mjukuu wa darasa la sita huketishwa uani baada ya sala ya Isha, kandili ikawekwa ubavuni mwake, akasoma. Akikosea neno husahihishwa na watu wasiojua kusoma. Akifika mahali pazito huambiwa, ishia hapo kwa leo, na usiku ule nyumba nzima hulala ikimfikiria mtu asiyekuwako duniani.

Nyota ya Rehema iliwaumiza watu mahali pao panapouma. Mtoto anazaliwa katika nyumba ya baba mwenye mashamba, na kwa kuwa rangi yake haikuwa ile iliyotarajiwa, anatiliwa shaka, anapuuzwa, anakulia katika kunyanyapaliwa. Kila aliyekuwapo uani alikuwa na Rehema wake katika ukoo, awe shangazi asiyetajwa au jamaa aliyekuwa akila jikoni. Sikuona riwaya nyengine iliyowanyamazisha watu vile. Kasri ya Mwinyi Fuad, kinyume chake, iliwapandisha hasira, na hasira yenyewe haikumwendea Mwinyi Fuad kama mwandishi alivyotaraji. Ilimwendea Kijakazi, mtumishi anayempenda bwana anayemtesa. Watu walimpigia kelele kitabuni kama kwamba anasikia: ondoka wewe, unangoja nini? Kisha akatokea mmoja aliyesema polepole kwamba na mama yake alikuwa hivyo hivyo. Hapo mazungumzo hubadilika.

Utengano ndio uliogombanisha watu zaidi. Maimuna, aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi kwa jina la heshima, anapotoka anaangukia katika ulevi na nyumba za aibu. Barazani kwa wanaume hoja ilikuwa moja tu: kosa la nani? La baba aliyebana mno, au la binti aliyeteleza? Walihukumu kama makadhi, na kila mmoja alikuwa na hukumu yake. Uani kwa wanawake hapakuwa na kesi. Walitaka kujua alikula nini, alilala wapi, nani alimpa nguo, na kwa nini hapakutokea mtu mmoja wa kumrudisha mapema. Nimefikiri sana juu ya tafauti hii, na naamini uani kulisomwa vizuri kuliko barazani. Mwenye kuhukumu upesi amekwishajiondoa ndani ya hadithi. Mwenye kuuliza alilala wapi bado yumo.

Walikuwapo pia waliokataa. Walisema kuwa vitabu hivi ni uchuro, kuwa nyumba yenye dhiki zake haihitaji kuletewa dhiki za kutunga, na kuwa kijana apewe visa vya kumtia nguvu. Hoja hiyo haikufa, naisikia mpaka leo kwa wazazi na hata kwa baadhi ya walimu, wala si ya kudharauliwa. Watu wale walikuwa wakipanga foleni ya unga na sabuni. Lakini niliona kwa macho yangu kuwa waliopanga foleni ndefu zaidi ndio waliokuwa wa kwanza kuketi uani usiku.

Mwaka 1995 tuliuona mfano wa hofu isiyokuwa na kitabu. Habari za popobawa zilianzia Pemba, zikavuka mpaka Unguja, na watu waliogopa kulala ndani. Walitandika mikeka nje, jamaa na majirani pamoja, moto ukiwaka, zamu zikipangwa, na usiku kucha kusimuliana nani kapatwa wapi. Wachunguzi walioandika juu ya jambo hili, Martin Walsh akiwa mmoja wao, wameliangalia pamoja na siasa za wakati ule, kwani uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi ulikuwa Oktoba ya mwaka huo huo. Mimi nalitazama kwa jicho la msomaji. Pale umbo lilikuwa lile lile la ngano: usiku, duara, moto, masikio. Kilichokosekana ni mwisho. Hapakuwa na mwana wa Sultani wa kurudi na mnyama sahihi, wala Bwana Msa wa kuuliza nani alikuwa wapi. Hadithi iliyosimuliwa kupunguza hofu iliizalisha upya kila ilipofika mdomo mwengine, mpaka ikachoka yenyewe.

Nunda alirudi mwaka 2003, safari hii akiwa na sare. Adam Shafi alichapisha Haini, riwaya ya kukamatwa, kuhojiwa na kuteswa kwa watu baada ya kuuawa kwa kiongozi wa nchi. Kila Mzanzibari alijua inazungumzia nini. Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi wakatiwa ndani, na kesi ya uhaini ikafuata. Mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini, na kitabu kinaonesha kuwa ameyaandika mambo aliyoyapitia.

Kwa miaka 30 jambo hili lilikuwa halina baraza. Lilizungumzwa na watu wawili, tena ndugu, tena mlango umefungwa. Haini haikusomwa kwa sauti kubwa kama Utengano. Desturi ya kusomeana ilikuwa imekwishapungua, redio na televisheni zimeshika nafasi yake, na kitabu chenyewe kilimtaka mtu akisome peke yake. Lakini baada ya kukisoma watu walitafutana. Sikusikia hata mmoja akiuliza kama lugha ni nzuri au msuko umekazana, nami ni mtu wa kuuliza mambo hayo. Waliuliza: huyu ni nani? Na yule mlinzi aliyewapelekea barua, alikuwa fulani? Mzee mmoja wa jirani alinirejeshea nakala yangu baada ya miezi mitatu, ukurasa mmoja umekunjwa pembe. Hakusema neno juu yake, nami sikuukunjua.

Hapo ndipo nilipofahamu faida ya neno riwaya. Akiulizwa mtu unasoma nini, hujibu, hadithi tu. Na ndani ya hadithi tu hiyo ameweza kumwambia mwenziwe jambo ambalo kama lingekuwa historia angelilinyamazia. Sultani Majinuni naye alikuwa hadithi tu.

Kiswahili kina utajiri mkubwa katika mlango huu, na wanaofasiri hukutana nao kila siku. Hofu si woga; woga ni tabia, hofu huja na kuondoka. Kiwewe kinamkosesha mtu akili, kitisho kinatoka nje yake. Huzuni inaweza kukaa na mtu akafanya kazi zake, simanzi inamkalisha kitako, jitimai inamla ndani kwa ndani, na kihoro ni kile cha kufikwa na msiba hata moyo ukapasuka. Mwandishi wa Kiingereza akiandika neno moja, mfasiri hulazimika kuamua ni maradhi gani hasa. Kwa hiyo nilingojea kwa hamu Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, kupewa Tuzo ya Nobel. Kitabu cha asili ni cha mwaka 1994, na kwa miaka 28 mtoto wa pwani asiyesoma Kiingereza aliwekwa mbali nacho, kama vile jirani za Salme walivyowekwa mbali na chake.

Tulikisoma Bububu, watu sita, kwa sauti, sura moja kila Alkhamisi baada ya Alasiri. Yusuf anatolewa rehani kwa deni la baba yake. Anadhani anakwenda kutembea kwa ami. Walionisikiliza wengi wao ni vijana, wana simu mikononi, lakini ilipofika safari ya bara na magonjwa yake simu ziliwekwa chini. Mbwa wanaomtisha Yusuf usiku waliwatisha na wao. Si rahisi kumweleza mtu wa mbali mbwa alivyo kwetu. Kisha ukaja mwisho, mbwa wale wale, safu ya askari wa Wajerumani inayoondoka, na kijana anayekimbia kuifuata.

Nilipofunga kitabu hapakuwa na aliyesema astaghafiru. Kijana mmoja aliuliza kwa nini kakimbilia kwa wale wale waliokuja kukamata watu. Binti mmoja akamjibu kuwa hakuwakimbilia wao, alikimbia nyumba. Wa tatu akasema mbona mlango ulikuwa wazi siku zote. Wakaendelea hivyo mpaka adhana ya Magharibi, na Alkhamisi iliyofuata walikuja, ingawa kitabu kilikuwa kimekwisha.